Mama, Wa Posta Tumebaki Mezani

Mama,

Nimerudi kutoka Nairobi jana na sijafungua hata begi. Nimevuta kiti mpaka kwenye cherehani yako, nimesukuma vitambaa kando, na ninakuandikia kabla sijaongea na mtu. Mtaa mzima wa Majengo unataka habari, lakini wewe ndiye unayestahili kuipata kwanza. Na usiniharakishe nifike mwisho. Najua tabia yako.

Ulituacha mwezi wa tano bila kujua kama nimepita. Kadi ya posta ya mwisho kutoka Embu ilifika wiki mbili baada ya mazishi, mpinzani wangu akikubali kwamba ameshindwa. Nilisimama pale posta nikacheka peke yangu, kisha nikalia, watu wakanipisha. Hivyo nikawa mmoja wa wale wanne wanaoingia mashindano ya taifa ya drafti kwa kushinda michezo ya barua. Nafasi hiyo uliitafuta miaka yote, na mara moja ukaikosa kwa mchezo mmoja tu.

Unakumbuka ulivyoanza? Wanaume wa kile kibanda karibu na msikiti walikuwa na ubao na vizibo vya soda. Uliposogea ukitaka kucheza, mmoja akakuambia, "Mama, wewe enda uchemshe chai, hii si mambo ya wamama." Hukubishana naye. Ulinunua kadi za posta ukaanza kucheza na watu wasiouona uso wako: hatua moja, stempu moja, kisha wiki nzima ya kungoja. Mimi pia ulinifundisha hivyo hivyo.

Sasa huko Nairobi, wa posta ni wa kuchekwa. Nilipotaja jina langu mlangoni nilisikia mtu nyuma akisema, "Ati huyu ni wa posta? Kwani atacheza na stempu?" Halafu mwenyekiti wa chama akasimama na kusema bila kuficha: wa posta wamekuwa wakija na kurudi kwao siku ya kwanza, kila mwaka, na kama safari hii hata mmoja hataingia siku ya pili, nafasi zao zinafutwa. Niliwafikiria, Mama, wote wanaocheza kwa kadi huku kwetu, wanawake waliofukuzwa mezani kama wewe, na huo ndio mlango pekee walio nao.

Sheria ilikuwa rahisi: ukishindwa mara mbili, unaenda nyumbani. Na mimi nilishindwa mchezo wa kwanza kwa ujinga ambao ni wa posta peke yao. Si unajua sisi huwa na mbao mbili, mmoja wa mchezo wenyewe na mwingine wa kujaribia? Nikiwa Nairobi mkono wangu ulijiendea tu. Nilisukuma kete mbele nione ingekuwaje, nikairudisha, na kijana niliyekuwa nikicheza naye akatabasamu. "Hapana, madam. Ukigusa umecheza." Watu waliangua kicheko. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Mchezo wa pili nilikalia mikono yangu. Sisemi kwa mfano, niliikalia kwelikweli, nikaitoa tu nilipokwisha kuamua. Nikashinda. Wenzangu wawili wa posta, wa kutoka Meru, walikuwa wamekwisha kutoka kabla ya saa sita. Mwalimu mmoja mzee wa Kangema, ambaye ndiye wa posta wa nne, akatoka baada ya chakula. Nikabaki peke yangu na mchezo mmoja wa kuamua, dhidi ya bwana mkubwa wa Nairobi ambaye amewahi kuwa bingwa.

Huyo bwana hachezi kwa mikono tu, anacheza kwa mdomo. Anagonga kete mpaka ubao unaruka. "Cheza, mama, ama unangoja barua?" Kisha nikaona kete zimekaa namna ambayo naijua, pembe yako ile ya kushoto uliyoishughulikia miezi saba ukiwa na homa na mvua ikipiga bati. Nikampa kete moja. Ilimbidi ale. Nikampa ya pili, akala huku akicheka. Halafu nikala nne kwa mpigo, kete yangu ikafika mwisho wa ubao ikawa kingi, na mchezo ukawa wangu. Miezi yako saba mimi niliimaliza kwa dakika kumi. Sijawahi kujivunia kuwa mtoto wako kama dakika hiyo.

Siku ya pili nilitolewa asubuhi na mapema, nisikudanganye. Lakini mwenyekiti alisimama tena, safari hii akiangalia viatu vyake, akatangaza kwamba nafasi za posta zinabaki.

Ila kuna jambo lililonipiga zaidi ya ushindi. Nilipokula zile nne, yule mwalimu wa Kangema alikuwa nyuma yangu, akapiga kelele: "Hiyo ni ya N. Wachira wa Nyeri! Alinimaliza nayo! Huyo mzee yuko wapi?" Nikamwambia huyo mzee alikuwa mama yangu, na kwamba tumemzika. Alivua kofia. Akakaa chini polepole, akasema, "Miaka sita namwandikia 'Bwana Wachira mpendwa', na hakunisahihisha hata siku moja." Mama, wewe! Ulikuwa ukisoma hizo kadi na kucheka peke yako hapa kwenye cherehani, sivyo? Mimi nilicheka na yeye akacheka.

Anasema mchezo wenu wa mwisho haukuisha na zamu ni yako. Ameniomba nimjibu kwa niaba yako. Nimeuangalia usiku kucha, na nadhani nimeiona hatua uliyokuwa unaitaka.

Pumzika, Mama. Nakuahidi nitaumaliza mchezo huo, hata ukichukua mwaka. Na kila kadi nitakayotuma Kangema nitaandika chini, kwa herufi kubwa: Nyawira Wachira, mama wa Muthoni. Akishindwa, ajue ni mwanamke gani amemshinda.

Binti yako,
Muthoni