Kisu chenye Sarafu Mpinini

Jumamosi, 13 Septemba 1986

Mkutano wa chama cha wakusanya visu, ukumbi wa zimamoto. Visu mia sita mezani — na pai ya tufaha aliyooka mke wa rafiki yangu Odell ikakatwa kwa kisu cha plastiki! Tuliocheka ni wawili tu, mimi na Odell.

Doyle Teague, mwenyekiti wetu, kaja na kile chake cha mwaka 1911. Kisu cha kukunja cha mwindaji, mpini wa mfupa wenye rangi ya kijani. Hukishika kwa glavu nyeupe kama mpagazi wa jeneza. Miaka sabini na mitano, hakijakata hata uzi, na hiyo ndiyo sifa yake. Nikamwuliza, bunduki isiyowahi kulia utajuaje kama ni bunduki? Akaniambia, "Mwalimu, tafadhali usikipumulie." Eti pumzi ina unyevu.

Nilimfundisha huyu darasa la nane. Sentensi zake hazikuwa na kituo wala mkato. Sasa ndiye mwandishi wa vikaratasi vya maelezo ya visu: hakijatumika, hakijanolewa, hakijaguswa. Maisha mazima ya kisu yamesimuliwa kwa kukanusha.

Pembeni mwa meza yake kulikuwa na sanduku la sigara, kaliandika VIBOVU. Nikachokonoa ndani kwa kupoteza wakati. Ndipo nilipokiona.

Kisu cha baba yangu.

Hakuna shaka. Kile kijibati cha fedha kinachopamba mpini kilidondoka mtoni mwaka 1929. Baba alichukua sarafu ya senti kumi, akaipiga tupa mpaka ikaingia kwenye tundu lile, akaibana kwa vipande viwili vya waya wa shaba. Nusu ya uso wa mwanamke wa kwenye sarafu bado inaonekana. Miaka hamsini sijakiona.

Doyle aliona nakitazama, akajieleza. Kakipata kwenye mnada wa mali za marehemu, mbali huko. Ataing'oa "hiyo takataka", atatia kijibati cha zamani kutoka kisu kingine, kisha ubapa uliojaa weusi utapelekwa kwenye gurudumu ung'arishwe hadi mtu ajione ndani yake. Kiwe tayari kwa maonyesho ya tarehe 18 Oktoba.

"Nakirudishia uasili wake, Mwalimu."

Uasili! Nilikunywa kahawa yangu ikiniunguza ulimi.

Jumapili, 14 Septemba

Sikwenda kanisani. Niandike nisije nikasahau mpangilio.

Mwaka 1936 serikali ililiziba bonde letu la Sugar Fork kwa bwawa. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Makaburi yalihamishwa kwanza, kisha sisi. Siku ya kuondoka, baba, Asa Hobgood, alisimamisha gari la nyumbu mbele ya mahakama ya mji, mahali wanaume walipokuwa wakibadilishana visu kwa ngumi. Kila mmoja anaweka kisu ndani ya ngumi. Hakuna kuonyesha, hakuna kuuliza. Ngumi juu ya ngumi, mnabadilishana, basi. Na sheria ni moja: harudi mtu. Hulalamiki, huombi ulichotoa. Wala watoto wako hawaombi.

Sijui kwa nini alikitoa kile chenye sarafu siku ile. Nadhani alitaka walau kitu kimoja kimtoke kwa hiari yake.

Hakuifungua ngumi mpaka tulipovuka kilima cha mwisho na bonde kutoonekana tena. Mlikuwa na kisu kilichovunjika ubapa katikati. Alikitazama. Akasema, "Haya." Akakichonga ncha mpya kwenye jiwe la mto, akakitumia miaka thelathini na mmoja, mpaka kufa kwake. Kukata tumbaku, kwato, kamba, nyama. Hakuwahi kumtaja yule aliyebadilishana naye.

Kisu hicho kifupi ninacho mfukoni. Wenzangu wa chama hukiita kisiki.

Jumatano, 24 Septemba

Odell kaja kunyoa nywele zangu, kama kila mwezi tangu afunge duka lake la kinyozi. Nikamweleza. Akaacha mkasi hewani. Akasema nenda kwa Doyle, mwambie ni cha baba yako, atakupa.

Nikasema siombi. Kilitoka kwa ngumi.

Odell akaniambia nina kichwa kama cha nyumbu wa baba yangu, na nyumbu angalau alikuwa akivuta kitu. Kinunue basi. Nikasema kununua ni kuomba kwa noti. "Hobgood, wewe utazikwa na sheria zako na hakuna atakayekuja kusoma jiwe."

Lakini alipokuwa akinifagia shingo nilipata njia. Kilichotoka kwa ngumi kitarudi kwa ngumi. Nitampa Doyle changamoto mbele ya chama. Hawezi kukataa, kila mwaka hutoa hotuba juu ya "mila za wazee wetu" na hajawahi kubadilishana kwa ngumi hata mara moja! Na atatia nini ngumini? Kibovu kuliko vyote alivyonavyo. Mtu anayeogopa pumzi hatoi kizuri gizani. Na kwa macho yake kibovu kuliko vyote ni hicho.

Nautegemea uchoyo wake. Hauchakai ule.

Mimi nitatia kisiki. Kilivyokuja ndivyo kirudi. Odell alikunja shuka yake, akaaga.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mvua. Nimechonga ndege wa mbao ya mwerezi kwa kisiki, labda wa mwisho. Ncha aliyoichonga baba inaingia chini ya bawa bila kulazimishwa.

Doyle kapiga simu kuhusu viti vya mkutano. Kasema fundi wa gurudumu anamngoja Jumamosi ya tarehe 11, baada ya mkutano wa chama. Kwa hiyo kisu kitakuwa naye. Vizuri.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimefika nyumbani saa nane mchana. Naandika kwa mkono wa kushoto. Asiyeweza kusoma haya kesho atakuwa mimi mwenyewe.

Doyle alimaliza hotuba yake ya mila. Nikasimama. Nikasema mwenyekiti, mila gani hiyo isiyo na mikono? Nikatoa ngumi juu ya meza, juu ya mahameli yake. Ukumbi mzima ukaanza kumchokoza: haya Doyle, vua glavu! Aliiva uso. Aliuliza ni kisu gani. Nikasema hakiulizwi, hukusoma hilo?

Akatugeuzia mgongo. Alikawia mezani kwake kuliko ilivyohitajika kuchukua kitu kutoka sanduku la sigara. Aliporudi aliyakwepa macho yangu. Nilifurahi, niandike ukweli. Nilisema moyoni, mwizi wa kuku huyu.

Ngumi juu ya ngumi. Tukabadilishana. Akaniinamia sikioni: "Mwalimu, usikifungulie hapa."

Aibu ya mpunjaji, nikadhani. Nikatoka bila kofia.

Nyumba yangu iko maili moja na nusu. Nilitembea nimefumba mkono, kama baba. Odell alibaki nyuma, nilimwona mlangoni akimshika Doyle kiwiko na kumweleza kitu. Juu ya kilima, pale bwawa linapoonekana, nikasimama. Maji yalikuwa yametulia juu ya Sugar Fork. Nikafungua.

Mfupa wa kijani. Mwaka 1911. Hakijakata hata uzi.

Nilikaa kwenye kizuizi cha chuma kando ya barabara. Sijui muda gani. Nimemfundisha mtu yule mwaka mzima, nikajua makosa yake yote ya vituo, na sikumjua. Nilimwekea mtego wa uchoyo, yeye akaweka ngumini kitu anachokipenda kuliko vyote, kwa sababu aliyesimama mbele yake ni mwalimu wake. Nami nikampa kisiki. Kwa makusudi, nikicheka.

Na kisiki je? Miaka thelathini na mmoja ya mkono wa baba, na kumi na tisa ya mkono wangu. Chenye sarafu alikibeba miaka kumi tu. Nimetoa cha baba ili nipate cha baba! Kama mkusanyaji yeyote, nilitazama mpini nikasahau makali. Asiyejua maana haambiwi maana — nilikuwa nikiwaambia wao.

Siwezi kukidai. Harudi mtu.

Saa tisa na robo sasa. Hicho cha kijani kiko ndani ya mkono wangu wa kulia, ndiyo maana mwandiko uko hivi. Nimekitia jasho, kimekwisha thamani kwao. Fundi wa gurudumu hufunga saa tisa; kama Doyle alikipeleka chenye sarafu, kimekwisha ng'arishwa.

Pikapu imeingia uani. Ni ya Doyle. Hajazima injini.

Amezima. Sasa anashuka. Hana glavu, hana kofia, ila amebeba yangu kwapani. Anapanda ngazi polepole, kama siku zile nilipomwita ubaoni.

Mkono wa kulia ameufumba, ameutanguliza mbele, ngumi ya kubadilishana.