Kifuniko cha Ndani

Irbid, Ijumaa baada ya sala

Kwa mdogo wangu Nofa, huko Karak,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote mnaokula chungu kimoja. Goti lako vipi? Na mumeo, bado anakoroma au Mungu amekuhurumia? Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Zeituni zimekamuliwa, fungu lako la mafuta lipo, ila uje ulichukue mwenyewe.

Anayeandika ni Rudayna, mjukuu wangu, maana mimi na kalamu hatujawahi kujuana. Nimemwambia aandike kila neno, hata nikimtukana.

Nofa, amefaulu! Unakumbuka nilivyompigia kelele alipoacha wodi, baada ya miaka tisa ya uuguzi, akarudi chuo kikuu kusomea shahada ya pili ili awe mwalimu wa wauguzi. Nilimwambia wagonjwa wanamngoja, yeye anakimbilia chaki. Akanijibu kwamba peke yake anahudumia wodi moja, lakini akifundisha vizuri atakuwa katika wodi zote. Nikamwambia ameanza kuhutubia hata cheti hajapewa.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa kufundisha mbele ya walimu wake: awasimamie wanafunzi wawili wanaomfundisha mgonjwa wa kweli. Kuwa huyo mgonjwa, akanichagua mimi na sukari yangu. Unajua ilivyotutesa. Miezi minane najidunga kila asubuhi kwa ile sindano yenye umbo la kalamu, na sukari haishuki. Daktari anaongeza dawa, Rudayna anapekua kabati langu akitafuta vitamu vya kunafa. Tumegombana mpaka majirani wakatusuluhisha.

Siku hiyo nilivaa thobe yangu ya darizi. Mmoja wa wale wanafunzi, binti mwembamba, akaonyesha kwa sindano yake: ondoa kifuniko kikubwa, kisha kile kidogo cha ndani, ndipo udunge. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa, mimi si mtoto. Rudayna akamkatiza kwa upole, akamwambia asiniulize hivyo, kwa kuwa bibi yeyote atasema ndiyo ili aachwe anywe chai yake. Aniombe nimwonyeshe ninavyofanya nyumbani.

Nikaonyesha. Kifuniko kikubwa nikatoa, cha ndani nikakiacha, nikabonyeza. Dawa ikachuruzika kwenye thobe. Daktari Ibtihaj, mkuu wa watahini, akavua miwani, akauliza nani alinifundisha. Rudayna akasimama, uso umempauka, akasema ni yeye, jikoni kwetu, na kwamba aliniuliza tu kama nimeelewa. Akawaambia wanafunzi wake watazame vizuri, kosa la mwalimu ndilo hilo linalodondoka. Kisha akapiga magoti mbele yangu akanifundisha upya, mara tatu, mpaka akaridhika.

Daktari Ibtihaj alisema hajawahi kusimamia somo zuri kuliko hilo. Na sukari yangu, Nofa, imeshuka nusu. Kila asubuhi namwombea dua mtoto huyu kabla sijajiombea mwenyewe.

Sasa lililonikaa kooni. Nilipomwona yule binti akitoa kifuniko cha pili, nilijua papo hapo kwamba miezi minane namwagilia tumbo langu kama kitalu cha mnanaa. Ningeweza kumwiga, Rudayna akapita salama, aibu yangu nikarudi nayo nyumbani. Lakini niliposikia “unavyofanya nyumbani”, nikawafikiria vikongwe wote wanaotikisa kichwa kama mimi huku dawa inawamwagikia. Nikakiacha kile kifuniko cha ndani kwa makusudi, najua kabisa naweza kumwangusha. Uso kwa uso nimeshindwa kumwambia. Ndiyo maana nimemwandikisha haya yote.

Mwandishi amesimamisha kalamu, Nofa. Andika, we binti, na usinililie kwenye karatasi! Ukiona wino umechafuka, si mimi.

Haya, amefuta pua. Anasema tukimaliza barua nilete sindano nimwonyeshe tena, maana kuanzia leo haniamini hata kidogo. Alhamdulillahi, huyo sasa ni mwalimu.

Wabusu wajukuu wako wote, hata yule mtukutu. Goti ulipake mafuta ya moto.

Dada yako anayekupenda,
Umm Sultan
(kidole gumba changu hiki hapa)