Mlango Aliotokea Saburi

Nandagala, 6 Septemba 1957

Mwanangu Swaumu,

Salamu zikufikie hapo ulipo na mwanao mchanga. Ananyonya? Na wewe unakula? Uji usiukatae, hata kama mama mkwe wako anautia pilipili kama anakukomoa. Mimi mzima, ila mgongo.

Habari ya mama yako si nzuri na sitaizungusha. Tangu daktari wa huko aliposema saratani ya titi imeshaingia mapafuni na kisu hakifai tena, alikuwa angalau anakaa, anachambua ufuta, ananisema. Sasa pumzi imekuwa haba. Akilala chali anaamka ametoa macho na kunishika mkono kama mtu aliyetumbukia kisimani. Anasema kuna mtu amemkalia kifuani. Shangazi yako Moza anamfukizia ubani tangu asubuhi ili mtu huyo aondoke. Nyumba imejaa moshi na wanawake, na aliyekaa hajaondoka.

Wewe umefanya kazi wodini. Watu wa namna hii wanafanywaje? Kornel wa lori la ufuta atachukua majibu.

Baba yako


Nachingwea, 12 Septemba 1957

Baba, shikamoo.

Mtoto hajambo, ananyonya mpaka ananichosha. Mimi nina nguvu, ila arobaini bado na mama mkwe hataki nivuke hata kizingiti. Barua yako nimeisoma nikilia.

Baba, mwombe shangazi, kwa adabu, atoe chetezo. Moshi unamkaba mama. Wageni wakae uani, waingie mmoja mmoja. Usimlaze chali. Mkalishe, mwegemeze kwenye magunia ya sufi, na mikono yake uipumzishe juu ya mto mapajani. Mfute uso kwa kitambaa cha maji baridi, kisha mpepee usoni polepole. Wodini nimeona kwa macho yangu: mtu anatapatapa, upepo ukimgusa uso anatulia, ijapokuwa mapafu ni yaleyale. Na usimwache peke yake. Hofu nayo inakaba.

Kornel amebeba chupa ndogo kutoka kwa bwana Andrea, msaidizi wa daktari. Ina afyuni kidogo. Haiponyi, baba, inampunguzia kuhangaikia pumzi. Fuata kipimo alichoandika, usizidishe.

La mwisho najua ni gumu. Upepo wa nyumba yetu unatoka upande wa barabara. Fungua mlango wa mbele.

Mwanao


Nandagala, 20 Septemba 1957

Mwanangu,

Tumepokea salamu, na mjukuu tumembusu kwa mbali. Shangazi yako amenuna, amebeba chetezo chake na kwenda kwake. Magunia yamefaa. Dawa niliionja kwanza mwenyewe, maana sikuzoea kumpa mke wangu kitu nisichokijua. Nikasinzia mpaka mbuzi wakala mihogo ya jirani. Mama yako alicheka, Swaumu. Alicheka na pumzi ikamtosha.

Lakini mlango siufungui.

Unakumbuka kaka yako Saburi alivyoondoka kwenda kufyeka pori la mashamba ya karanga ya Wazungu huko Nachingwea. Alisimama kizingitini na kitita chake akasema, "Mama, usifunge, narudi." Homa ikamchukua hukohuko na hukohuko akazikwa. Mama yako akawa kila alasiri anakaa mlangoni kumngoja, hali, haogi, anamwekea maji ya kunywa. Wazee wakaniambia niupigilie misumari, na nikaupigilia, na yeye ndipo akaanza tena kula. Miaka yote hii tunapita uani kama wezi.

Sasa anamtaja tena. Jana ameniuliza, "Baba Saburi, nani anagonga huko mbele?" Hapakuwa na mtu. Nikifungua, atatoka naye. Nampepea mimi mwenyewe, mkono ukichoka nabadili mkono.

Baba yako


Nachingwea, 27 Septemba 1957

Baba, shikamoo. Sisi wazima, mama anatuumiza roho.

Nisamehe, nasema na mzazi wangu. Mama anakwenda, mlango ufungwe au usifungwe. Misumari ilimrudisha kwenye chakula, sawa, lakini leo inamnyima hewa. Pepeo lako ni zuri ila wewe si kijana. Unaogopa Saburi ataingia. Je, akiingia? Si mwanao? Alipotoka hakuwa na ugomvi na mtu.

Fungua, baba. Nakupigia magoti kwa karatasi.

Mwanao


Nachingwea, 9 Oktoba 1957

Baba, shikamoo.

Hujanijibu. Kornel amerudi bila barua. Anasema alipita na mzigo, hakuweza kusimama, ila ameona mlango wetu wa mbele uko wazi. Ndani ameona watu wawili wamekaa na mmoja amesimama anapepea. Nimefurahi nusu, nusu nyingine imeingia baridi. Shangazi hayupo. Aliyesimama ni nani?

Arobaini inakaribia. Nakuja.

Mwanao


Nandagala, 14 Oktoba 1957

Mwanangu Swaumu,

Salamu. Keti kwanza, umpe mama mkwe mtoto amshike.

Mama yako ametutoka jana alasiri, na tumemzika kabla ya magharibi. Mungu amempenda zaidi yetu. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa napepea.

Misumari niliing'oa siku ile ile niliyopata barua yako. Ilikuwa na kutu, ikalia kama mtoto. Upepo ukaingia ukampata usoni, akafumba macho akasema, "Ahaa." Ni hilo tu. Tangu siku hiyo hakunishika mkono tena kwa hofu. Alikaa kwenye magunia yake anatazama barabara, na pumzi ilikuwa fupi, lakini haikumtisha.

Umeuliza juu ya Kornel. Siku ile aliyopita tulikuwa wawili tu.

Na jana pia tulikuwa wawili. Nilikuwa kwenye kigoda nampepea, uchovu ukanichukua. Nilipozinduka pepeo lilikuwa limeanguka chini, na upepo bado ulikuwa unamfika usoni, polepole, kama mkono wa mtu. Mama yako alikuwa anatazama juu, karibu yake, anatabasamu. Akasema kwa sauti ndogo, "Usimwamshe baba yako." Nikajifanya nimelala. Niliogopa, mwanangu, na wivu nao ulinishika. Nilipofumbua macho alikuwa ameshapumzika.

Moza anataka niupigilie mlango upya. Misumari nimeitupa chooni. Ukija na mjukuu wangu, usizunguke uani. Pita mbele, usibishe hodi.

Alasiri upepo ukiingia, nasogeza kigoda changu pembeni kidogo, wapate pa kupita.

Baba yako