Hakuna Atakayeguswa

2 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mgongo unasemaje, na cherehani bado inakupigia kelele? Mimi mzima kabisa, hata suruali zimeanza kunibana.

Nimechaguliwa. Ule mpango niliokueleza, wa kuwapeleka wanafunzi wa chuo kwenye ofisi za umma wakati wa likizo ndefu wajifunze uongozi, tuliomba wengi mno na jina langu limetoka. Nimepangiwa ofisi ya mkoa, kitengo cha mahusiano na wananchi. Nina meza yangu. Iko karibu na mlango wa choo, lakini ni meza. Mkuu wa kitengo ni mama mmoja mpole, anaongea taratibu kama anayebembeleza mtoto alale. Alituambia wananchi hawaombi miujiza, wanataka mtu wa kuwasikiliza. Nikakukumbuka unavyowasikiliza wateja huku pini zimejaa mdomoni.

Kwa hiyo likizo hii sitakuja nyumbani. Usininunie. Wanaofanya vizuri huitwa kazini wakimaliza masomo, nami nataka kuwa mmoja wao.

Mwanao,
Maswali

17 Juni

Mwanangu Maswali,

Marahaba. Mgongo upo, haujahama. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi ikalegea, kisha nikampelekea Mama Pacha, jirani yetu wa ng'ambo ya uchochoro, naye akaisomea foleni nzima ya bombani. Nisamehe. Nilishindwa kuificha.

Ila huku kuna jambo. Wapima ardhi wamepita na kuchora alama nyekundu kwenye kuta. Kwangu wamechora kando ya dirisha, pale ulipokuwa unakaa kusomea. Tunasikia barabara inapanuliwa. Mama Pacha anakusanya watu waende mahakamani kuomba zuio, na kuna wakili kijana amekubali kuwasaidia. Mimi nimewaambia wangoje kidogo, nina mtoto ofisi ya mkoa, nimuulize yeye.

Haya, mtoto wa ofisi ya mkoa, unajua nini?

Shangazi yako

26 Juni

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa wasiwasi. Nimemuuliza mkuu wangu. Barabara ni kweli, lakini amenihakikishia kila mwenye nyumba ataonyeshwa kiwanja kwanza na kupewa muda wa kujenga. Wiki ijayo tunakuja kufanya mkutano hapo mtaani, na ameniomba niongee mimi. Amesema, "Watu wakisikia kwa mtu wao, watatulia."

Tutarudi siku hiyo hiyo na gari la ofisi, hivyo hatutapata nafasi ya kukaa. Ila utaniona. Nimeazima koti la mwenzangu, usicheke mikono yake.

Maswali wako

9 Julai

Mwanangu,

Salamu kutoka kwangu na kwa mtaa mzima. Koti lilikuwa kubwa, nimelicheka kimoyomoyo. Uliponisalimia "mama" kama ulivyowasalimia wengine nilishtuka kidogo, halafu nikaelewa kuwa uko kazini.

Uliongea vizuri. Hilo neno lako, "hakuna atakayeguswa kabla hajaonyeshwa kiwanja," sasa linatembea mtaani kama wimbo. Mama Pacha alipokuuliza, "Una hakika, binti?" nawe ukamjibu, "Nina hakika, mama," nilimwona mabega yakimshuka. Kesho yake alimwambia wakili asihangaike tena. Fundi viatu alikuwa ameshafunga mizigo ampeleke mkewe mgonjwa kwa ndugu zake. Ameifungua. Amesema hakuna haja ya kumsumbua mtu kitandani kama serikali imeahidi kwa kinywa cha mtoto wetu.

Na mimi natembea nimeinua shingo kama mama wa bibi harusi. Wananiuliza nilikulisha nini.

Shangazi yako

5 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Uko salama? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Nilikuwa semina ya viongozi vijana, walituchagua wachache, na simu zilikusanywa. Leo nimerudi, nikamsikia mtu chumba cha chai akisema kazi ya kule mtaani imekamilika. Nikauliza kazi gani. Akanitazama kama mgeni. Nimemfuata mkuu wa kitengo, akaniambia mkandarasi ameanza mapema na viwanja bado vinashughulikiwa. Aliyasema kwa sauti ile ile ya kubembeleza.

Nakupigia, hupatikani. Andika hata mstari mmoja.

Maswali

1 Septemba

Shangazi,

Shikamoo, popote ulipo.

Nilikuja. Nilishuka nikatembea nikidhani nimekosea njia, maana hakuna kilichobaki cha kunionyesha nimefika. Nilitambua kwa bomba tu. Nikamtafuta Mama Pacha sokoni, nikampata nyuma ya meza ya nyanya, wale pacha wamelala chini kwenye gunia. Nilimwamkia. Alipanga nyanya zake zote, ndipo akasema, "Ulisema una hakika."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Alinieleza buldoza zilikuja asubuhi mvua ikinyesha, na kwamba mke wa fundi viatu alitolewa nje na godoro lake, wakamfunika turubai. Hakuimaliza wiki ile. Nilimuuliza uko wapi, akakataa kuniambia. Nilipoanza kulia akasema nikiandika barua nimpelekee yeye, atajua la kufanya. Ndiyo hii.

Shangazi, siku ya kufunga mpango wetu ilikuwa zamu yangu kutoa shukrani kwa niaba ya wanafunzi. Wageni walikuwa wameketi, maua mezani. Nikasimama nikasimulia mkutano wetu, nikasimulia na lile godoro. Walinichukulia kipaza sauti kwa upole sana, mtu akapiga makofi ili wengine wafuate. Mkuu wa kitengo alinifuata koridoni. Nilitegemea atanigombeza. Akasema, "Na mimi niliambiwa hivyo hivyo, mwanangu," akarudi ndani.

Ofisini hawanihitaji tena. Chuo kinafunguliwa wiki hii. Hakuna nyumba iliyosimama kwa sababu nimesema, hilo nalijua. Nitakaa nikisubiri barua yako.

Mwanao, ukikubali,
Maswali

30 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imezunguka kwenye mikono mingi, ndiyo maana nimechelewa. Na sababu nyingine ni kwamba nilikaa nayo.

Cherehani niliiokoa. Kabati na kitanda, hapana. Nimepata chumba mahali ambapo wengi wetu tumekimbilia, tunaishi tumebanana lakini usingizi unapatikana. Wateja wapo, watu wamechanika nguo kwa kubeba mizigo.

Siku zile za kwanza hakuna aliyenisemesha. Nilikuwa nikifika bombani wanakunja midomo. Niliwaza niwaambie nini, kwa sababu mimi ndiye niliyewaomba wangoje, mimi ndiye niliyesema nina mtoto. Fundi viatu pekee ndiye aliyeniletea maji, akaweka ndoo mlangoni na kuondoka. Bora angenitukana.

Kwamba ulisimama mbele za watu ukasema, nimesikia, nami nimelia. Sikukulea uwe mwongo, na wewe si mwongo. Lakini siwezi kwenda kuwaeleza hayo nyumba kwa nyumba. Hawana hamu ya kujua nani alimdanganya nani.

Huku wamekuja wapangaji wageni wasionijua. Waliponiuliza kama nina mtoto, nilisema sina. Neno lilinitoka kabla sijalifikiria, na tangu siku ile nalala nalo. Si kwamba nimekukana. Nilitaka nipate pa kuishi kwanza.

Njoo likizo ya mwezi wa kumi na mbili. Usije na koti, usije na begi la chuo. Funga mtandio, ubebe kipande cha kitambaa mkononi, upige hodi kama wateja wengine. Wakikuuliza uani, sema umekuja kushonesha gauni. Tukishafunga mlango nitakuita mwanangu.

Shangazi yako