Mdomo Wangu Kwenye Usahili

Shoga, usahili nimeuharibu kwa mdomo. Na hata si kwa kuongea.

Msaili mwenyewe mzee wa Kijerumani. Kaweka programu kwenye skrini, kasema, "Kuna kosa hapa. Nionyeshe lilipo." Nikaliona papo hapo, mstari wa juu kabisa. Mikono yote iko kwenye kibodi, kwa hiyo nikafanya kama tufanyavyo Wafilipino wote: nikachongoa mdomo kuelekea pale.

Akanikodolea macho. "Samahani, nionyeshe tena."

Nikachongoa tena, Liezel. Safari hii nikanyanyua na nyusi.

Mzee kawa mwekundu kama nyanya. Kainua mkono, kanionyesha pete ya ndoa. "Binti, mimi nina mke."

Pete, shoga. Kanionyesha pete.

Dada Luz wa utumishi, Mfilipino mwenzetu aliyekaa nasi mle ndani, kacheka mpaka kaegemea ukuta. "Bosi, hakupigi busu. Anakuonyesha kosa."

Mzee akatazama skrini. Kosa liko palepale nilipochongolea. Nikajiona nimeshapata kazi, nikapata na ujasiri wa kuuliza majibu yatatoka lini.

Akachongoa mdomo, taratibu, kuelekea mlangoni.

Kajifunza haraka, mjinga yule.