Kilichomo Kwenye Karai

Baba,

Mjukuu wako sasa hivi ameokota jiwe dogo hapa mlangoni, akalilamba, akaligeuza juani, halafu akalitupa. Hakuna aliyemfundisha. Nimecheka, kisha nikakaa chini nikalia kidogo, maana ni wewe kabisa, ulivyokuwa ukilowesha mawe kwa ulimi ili dhahabu ionekane. Mama alikuwa akikuambia utakufa umemeza mlima, nawe ukimjibu, "Jiwe kavu halisemi."

Baba, mgodi haufungwi. Nimetaka ujue.

Tangu tukuzike, hapa Chunya tumekaa roho juu. Wenye hisa walinung'unika kwamba gharama zinapanda, na dhahabu wanayoahidiwa hawaioni. Mume wangu Yohana ndiye nyapara sasa, mahali pako. Alishaniambia wakifunga, atakwenda Afrika Kusini kwa mkataba, kama kaka yake. Na kaka yake hatujui hata alikozikwa.

Jana wakaja wawili kutoka Iringa, wakulima wa tumbaku waliotia fedha zao humu. Wakauliza maji yanunuliwa kwa kiasi gani, na magogo, na mafuta ya mashine. Mwisho wakamgeukia Yohana, msimu huu mtatoa dhahabu kiasi gani? Meneja akamkazia macho ataje kiasi kikubwa. Yohana anasema hapo akakusikia wewe: "Taja kilichomo kwenye karai, siyo kilichomo mlimani." Akataja kidogo, pungufu hata ya mwaka jana. Akasema kiangazi maji ndiyo yanakula fedha. Mawe tuyalundike tu, tuyaoshe mvua ikija, gharama itashuka. Akawaambia wachague jiwe wenyewe kwenye lundo, kama ulivyokuwa ukiwafanyia wageni. Mmoja wao, yule mnene, akachagua, akalilamba mbele ya watu. Vibarua walijikaza wasicheke. Likatwangwa, likaoshwa, mkia wa dhahabu, ule mstari wa chenga, ukatokea kwenye karai. Mwembamba, lakini upo.

Mnene akasema, "Wewe ni wa kwanza kuniahidi kidogo." Wataendelea kutoa fedha mpaka mvua ziishe.

Yohana alirudi akala ugali, akaomba aongezewe. Siku nyingi hakuwa ameomba kuongezewa, Baba.

Ndaga, asante, Baba, kwa maneno uliyotuachia. Pumzika sasa, sisi tupo. Mvua ya kwanza ikinyesha nitapalilia kaburi lako, na lundo likishaoshwa nitakuja na mtoto nikuambie limetoa nini, hata kama ni kidogo kuliko alichotaja Yohana. Yohana ananiita uani, anasema mtoto ameokota jingine, nije upesi nione lina nini.