Nani Ameiambia Mashine Kuhusu Ngumi Yangu ya Kushoto?

Mpendwa mshauri, msaada nauhitaji leo hii, na mimi si mtu wa kuomba msaada. Nina miaka sabini na mbili, fundi wa kuchomelea mageti, shule niliishia darasa la tatu lakini ujanani sikuwahi kuangushwa ulingoni, uliza yeyote. Sasa mwanangu katuletea gemu ya ngumi ya kucheza kwenye televisheni, na wiki ya kwanza yule bondia wa mashine nilimlaza nilivyotaka, nadanganya kulia nashusha ya kushoto, chali, moyo unanidunda kama bwana harusi, mpaka majirani wakawa wanakuja kutazama. Wiki ya tatu nikitaka kurusha tu, jamaa keshainama, ananichapa mbavu. Nikajua kuna mtu kampa siri zangu. Nikafunika mikono kwa taulo asione ninavyobonyeza, wapi. Basi nikamgeukia mke wangu, maana mchana mimi nikiwa karakana yeye hubaki na hiyo gemu, nikamwambia mbele ya mkwe wetu kwamba amenisaliti. Hakupandisha sauti. Akasema, "Mume wangu, hata mimi najua utarusha ya kushoto," akachukua begi akaenda kwa dada yake. Leo siku ya tisa. Nataka mke arudi na mashine inisahau, ila kuomba radhi sijazoea. Nifanyeje?

Bingwa Asiyeanguka

Shikamoo, Bingwa. Nimecheka, kisha nimekasirika. Hakuna aliyekusaliti. Gemu hizo zimeundwa zijifunze: kila ulipobonyeza, mashine iliweka kumbukumbu, ikaona mzee huyu akidanganya kulia, kushoto inafuata, ikamfundisha bondia wake kuinama. Siri umeitoa mwenyewe kwa kuirudia. Taulo lirudishe bafuni. Na furahi, maana ukibadili mtindo, nayo itabidi ianze kukusoma upya. Pambano bado lipo.

Lakini mashine imekusoma wiki tatu tu na tayari inakupiga. Mkeo amekusoma maisha yake yote, na bado alikuwa anakupikia. Huyo ndiye uliyemwaibisha mbele ya mkwe?

Kesho asubuhi, kabla ya karakana, nenda kwa shemeji yako kwa miguu yako. Usipige simu, usitume mtu. Sema, "Nisamehe, nimekukosea," na neno "lakini" liache nyumbani. Mkwe naye mwambie hivyo hivyo. Mkeo akifungua mlango atakuwa anasubiri uanze kujisifu na kujitetea, kama kawaida yako. Mzee wangu, mshangaze.